Maji: Yanapodondokea Sipo Yanapoingilia

Twarejea kwa wasomaji na jawabu tuliyoiahidi juma lililopita.

Mama mmoja wa huku pwani, mwenye asili ya Nyamira na aliyeolewa kwetu, ametuandikia barua ya kurasa mbili. Yeye na mumewe wana kombi ya zamani ambayo wameitia kitanda, kabati na jiko dogo la gesi, ili wapate kuwapeleka watoto kwa bibi yao kila likizo bila ya kutafuta nyumba ya wageni njiani. Kila wafikapo huko, mvua huingia madirishani. Godoro limeota ukungu, na mtoto wao wa mwisho hukohoa kila alalapo humo. Jirani amemshauri mume azibe nyufa kwa silikoni, apige rangi mpya, kisha auze gari wakati wa kaskazi, mvua ikiwa haipo na mnunuzi hana la kuona. Mume ameanza kuelekea shauri hilo. Mama anauliza mambo mawili: je, gari hili latengenezeka? Na je, mauzo ya namna hiyo yafaa?

La pili lina jawabu fupi, nasi tutalifikia. La kwanza tumeona tulirefushie maneno, kwani gari likitengenezeka huenda la pili lisizuke kabisa. Isitoshe, madrasa yetu ina kombi ya wakfu ambayo walimu hupanda nayo kwenda kufundisha Kisii na Nyamira wakati wa likizo, na yaliyomkuta mama huyu yametukuta sisi, dirisha kwa dirisha.

Walio na umri wetu wanazikumbuka kombi za Volkswagen zilizokuwa zikiwapakia watalii mbugani, paa likiinuliwa ili mgeni asimame amtazame simba. Zilianza kuundwa Ujerumani mwaka 1950, na zile za umbo la pili, zenye kioo cha mbele kimoja kilichopinda, zikaanza mwaka 1967. Jambo la kulijua kuhusu magari hayo ni kwamba vioo vyake havikugandishwa kwa gundi kama ilivyo kwa kioo cha mbele cha magari ya leo. Kila kioo kimeshikwa na mpira wenye mifereji miwili: mfereji mmoja umekumbatia kioo, na wa pili umekumbatia ukingo wa bati la bodi. Mpira ukiwa laini, hubana pande zote mbili na maji hayapiti. Mpira ukiwa mgumu kama mfupa, kioo husimama pale pale na machoni pa mtu hakuna kilichobadilika, ila maji yameshapata njia.

Na mipira hiyo huuawa na pwani yetu. Jua la miaka mingi huukausha mpira, nao ukikauka hufupika, na ukifupika huachana kwanza kwenye kona za juu, pale unapovutwa zaidi. Upepo wa chumvi nao huingia chini yake na kuanza kulila bati. Haya yote hutokea kimyakimya, maana mvua ya Mombasa ni kadiri ya milimita 1,000 kwa mwaka, na sehemu yake kubwa humwagika wakati wa masika, kisha jua likatoka likakausha kila kitu kabla mtu hajatia mkono chini ya godoro. Kisii ni habari nyingine. Mji ule uko kwenye kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyake hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kila mwaka, wala hakuna mwezi ambao mtu aweza kuuita wa ukame. Asubuhi jua hupendeza, adhuhuri mawingu hukusanyika, na baada ya Alasiri radi hupiga. Wakulima wa chai wa Nyamira huiogopa hata mvua ya mawe, ambayo yaweza kuyachanachana majani ya shamba zima kwa nusu saa. Gari lililoharibiwa na pwani basi hudhihirishwa na bara, na watu hudhani ni barabara za huko zilizolivunja. Barabara zina sehemu yake, hatukatai. Bodi ya gari kuukuu hujinyonga kidogo katika kila shimo, na kioo kilichoshikwa na mpira mkavu husogea pamoja nayo. Lakini barabara humalizia tu kazi iliyokwisha kuanzwa.

Kombi yetu ilikuwa imekwisha kuzibwa mara moja na fundi wa awali, ambaye hatumtaji, kwa silikoni iliyopakwa kando ya kila dirisha kwa nje. Ilionekana safi. Ilipofika Keroka, soko lile lililo mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira, mvua ya kwanza ilimwaga maji ndani kuliko ilivyokuwa kabla ya kuzibwa. Walimu wetu watatu wa kike walikuwa wakilala humo, mmoja wao na mtoto mchanga wa miezi minne. Walikesha wakikamua vitambaa.

Huyo mwenye mtoto ndiye aliyeanza kulichunguza jambo kwa njia iliyotufaa. Alikausha ukuta wa ndani chini ya dirisha, akaunyunyizia poda ya mtoto wake kuanzia kona hadi kona, kisha akakaa ndani na kurunzi. Mwenzake akasimama nje na birika la kutawadhia, akawa anamwaga maji pole pole. Na hapa pana siri: hakuanza juu. Alianza ukingo wa chini, akangoja dakika kadhaa, akapanda kidogo, akangoja tena. Ukianza juu, maji hushuka yakalowesha kila mahali, nawe hutajua ni tundu lipi. Ukingo wa chini haukupitisha kitu. Ubavu haukupitisha. Maji yalipofika kona ya juu ya mbele, mstari mwembamba ulijichora katika poda, lakini ulijichora kwenye kona ya chini ya nyuma, upande wa pili kabisa wa dirisha!

Sababu yake ilikuwa nyepesi mara tu ilipojulikana. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, pua juu, kama magari mengi yaegeshwavyo katika nchi ile ya vilima. Maji yaliingia kona ya juu ya mbele, yakashuka ndani ya mfereji wa mpira, yakakimbilia nyuma kulikoinama, yakatokea huko. Lau lingeegeshwa pua chini, yangetokea mbele. Ndiyo maana mama aliyetuandikia anasema kuwa pahala panapovuja panabadilika kila safari, na mumewe amekwisha kuziba sehemu nne bila mafanikio. Hazikuwa sehemu nne. Yumkini ni moja au mbili.

Fundi wa jua kali tuliyempata mjini Kisii, mtu mzima wa Kigusii mwenye mikono iliyojaa makovu ya bati, alipitisha kidole juu ya ile silikoni akatikisa kichwa. "Shehe," alisema, "hii maji haiingii hapa. Hapa inatoka tu. Na huyu mtu amefunga mlango ya kutoka." Sarufi yake ingewakera walimu wetu, lakini maana haina kasoro. Maji yaliyoingia juu, zamani yalikuwa na nafasi ya kuponyoka nje kupitia ukingo wa chini. Silikoni ilipoziba chini kwa nje, hayakuwa tena na pa kwenda ila ndani. Madirisha ya kuteleza yalikuwa na msiba wa ziada: reli zao za chini zina matundu madogo ya kutolea maji, nayo yote yalikuwa yamezibwa.

Silikoni ina madhara mengine ambayo yafaa mume wa mama yetu ayajue kabla hajafungua mkebe wa pili. Ile inayonuka siki inapokauka hutoa asidi, na asidi hiyo huchochea kutu inapokutana na bati tupu. Tena ikisha kushika, hakuna kinachoshika juu ya mabaki yake, si rangi, si gundi, wala silikoni nyingine. "Shehe, kazi hii ni ya kuvua," fundi alituambia, "si ya kupaka."

Basi ikavuliwa. Mbao nyembamba za plaiwudi zilizofunika kuta za ndani ziliondolewa kwanza, nazo zilikuwa zimeoza kwa chini hata zikimeguka kama mkate uliorowekwa. Mpira ambao hauna tena faida hukatwa kwa kisu, kisha mtu mmoja husukuma kioo kutoka ndani kwa viganja viwili na mwenzake hukipokea nje. Vioo vyote vilitoka vizima. Chini yake ndipo tulipoona ukweli: ukingo wa bati ulikuwa umelika, na katika kona mbili za chini palikuwa na matundu ya kupitisha kidole. Hapo ndipo pesa zilipotumika na ndipo zinapostahili kutumika. Kutu ilikwanguliwa, ikapigwa brashi ya waya na msasa hadi bati likang'aa, vipande vipya vikachomelewa penye matundu, kisha yakapakwa makoti mawili ya rangi ya kuzuia kutu. Kwa kuwa mvua ya jioni haikuwa na udhuru, kazi yote ilifanywa chini ya turubai, na rangi ikaachwa hadi kesho yake.

Mpira mpya hununuliwa kwa mita katika maduka ya spea. Anayekwenda kuununua achukue kipande cha ule wa zamani mkononi, na apime unene wa kioo na unene wa bati, maana mfereji uliopanua kwa milimita moja tu utavuja siku ya kwanza. Ukatwe mrefu kidogo kuliko kipimo, kadiri ya upana wa kidole, ili ukae kwa kubanwa na wala si kwa kuvutwa. Kiungo chake kisiwekwe kwenye kona.

Kukirudisha kioo ni kazi inayopendeza kuitazama. Mpira huvishwa kioo kwanza. Kisha ugwe mwembamba wenye nguvu hulazwa ndani ya ule mfereji wa pili, ukazungushwa hadi ncha zake mbili zipishane katikati kwa chini, zikining'inia upande wa ndani. Maji ya sabuni hupakwa pote. Mtu wa nje hukiegemeza kioo mahali pake na kukibana kwa kiganja. Mtu wa ndani huuvuta ugwe pole pole, na kila unapopita, mdomo wa mpira huruka juu ya ukingo wa bati na kukaa kwa ndani. Mwalimu wetu yule wa poda aliuvuta ugwe wa dirisha la tatu mwenyewe, na fundi akakiri kwamba hakuwa na la kurekebisha. Wengine hutumia mafuta ya kupikia au hata ya taa badala ya sabuni ili mpira uteleze. Wasifanye hivyo. Mafuta hulainisha leo na kuuozesha mpira baadaye, ilhali sabuni hukauka ikaisha. Mwisho kabisa, mdomo wa nje wa mpira huinuliwa na kutiwa chini yake ile gundi nyeusi laini isiyokauka. Hapo ndipo mahali pa kitu cha kuziba, kati ya mpira na bati, kusikoonekana.

Kazi ilichukua siku tatu kwa madirisha sita. Usiku wa nne ulipita mkavu, bila tone la mvua, na alfajiri walimu walituambia kwa masikitiko kwamba vioo vinatiririka maji tena.

Hayo hayakuwa maji ya mvua. Watu watatu na mtoto wakilala katika chumba kidogo kilichofungwa, pumzi zao hutoa maji mengi usiku kucha, na kioo kikiwa baridi, kama kilivyo vilimani, mvuke huo hugandamana juu yake na kudondoka. Birika la chai likichemshwa ndani huongeza, na hata moto wa gesi wenyewe huzalisha mvuke. Dawa yake ni kuacha nafasi ya vidole viwili katika madirisha mawili yanayokabiliana, na kufuta vioo asubuhi. Kuitofautisha hali hii na uvujaji si kazi: maji ya pumzi hutanda juu ya uso wa kioo kizima, na ya mvua hutokea pembezoni.

Hapa twamwomba mama msomaji asimame nasi kidogo, maana jambo lifuatalo ni zito kuliko godoro. Gari lililokuwa likivuja maji lilikuwa pia likivuja hewa. Likisha kuzibwa vyema, mtu asiingize ndani jiko la makaa kwa ajili ya joto, hata kwa dakika chache, hata makaa yakiwa yamebaki mekundu tu bila moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati hata onyo la kukohoa. Kwa baridi ya Nyamira kishawishi ni kikubwa, hasa penye watoto. Nguo nzito, blanketi la pili, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa: hivyo vyatosha. Jiko la gesi nalo ni la kupikia, mlango ukiwa wazi, kisha huzimwa na mtungi kufungwa.

Mama ameuliza pia, pembezoni mwa barua, kama godoro lililolowa mvua linafaa kusaliwa juu yake. Maji ya mvua ni tohara, na unyevu wake haunajisi kitu. Ukungu ni uchafu wa kuondolewa kwa ajili ya afya, lakini hauibatilishi sala. Hata hivyo godoro lililokwisha kuota ukungu hadi ndani, kwa kifua cha mtoto yule, twaona litupwe.

Sasa lile la pili. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenyewe, akajibiwa kuwa mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume akamkemea kwa kutoiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, na akajitenga na mwenye kughushi. Hatuoni tofauti baina ya rundo lile na kombi iliyopigwa rangi juu ya kutu. Yote mawili yamelowa kwa mvua, na katika yote mawili unyevu umewekwa chini.

Wanazuoni wamejenga juu ya hapo haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauzo. Jirani huenda akasema: basi uza kwa sharti kwamba gari lanunuliwa kama lilivyo. Katika madhehebu yetu ya Kishafii sharti hilo halimwokoi muuzaji na aibu anayoijua akaificha. Wala kaskazi haimwokoi. Kuuza gari bovu hakujakatazwa, iwapo ubovu wake utatajwa: aseme linavuja, aoneshe godoro, ainue plaiwudi mnunuzi aone bati. Bei itashuka, na bei hiyo ndiyo yake ya halali. Tena tusisahau kwamba atakayelinunua naye aweza kuwa na mtoto wa kulaza humo.

Sisi katika kamati ya wakfu tulikuwa na mmoja wetu aliyependekeza kuuza. Lakini katika wakfu, matengenezo ya kitu chenyewe hutangulizwa katika matumizi ya mapato yake, na vioo sita havikutosha kuwa sababu ya kukiondoa. Mama na mumewe hawafungwi na wakfu. Hiari ni yao, na hatutaki kumtia mume wake unyonge, kwani mtu aliyeziba mara nne bila mafanikio ana haki ya kuchoka.

Lakini kabla hajaamua, na kabla ya vuli, twamwomba afanye jambo moja lisilo na gharama. Alikwangue silikoni yote ya nje kwa kipande cha mti kilichochongwa, si kwa bisibisi ambayo itachubua rangi. Azibue matundu ya reli kwa kijiti. Kisha waegeshe mahali tambarare, mama aingie ndani na poda, naye ashike birika, aanzie chini. Wakijua ni kona ipi, wavue kioo hicho kimoja tu na walitazame bati lililo chini yake. Kutu ikiwa ya juu juu, wanunue mita za mpira na wafanye kazi hiyo wenyewe kwa siku moja. Bati likiwa limetoboka kila upande, hapo ndipo fundi wa kuchomelea aitwe, na bei yake ilinganishwe na ya kuuza kwa uwazi. Watuandikie walichokiona, tuwachapishie majibu kabla ya likizo ya Disemba, maana bibi wa Nyamira anawangoja.